Mazigazi: kwa nini maji ya barabarani hayafikiki

Mazigazi, yaani maji ya uongo yanayoonekana mbele barabarani wakati wa jua kali, yanaweza kupigwa picha, na jambo hilo pekee linatosha kuwajibu wanaodhani kwamba ni uchovu wa macho, kiu ya msafiri au kiinimacho cha majini. Nuru inayoingia kwenye kamera ni nuru halisi iliyotoka mahali halisi. Kilichobadilika ni njia iliyoipitia.

Kasi ya nuru katika hewa hutegemea joto la hewa hiyo. Penye hewa baridi, iliyoshikamana, nuru huenda polepole kidogo kuliko penye hewa ya moto iliyotanuka. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, takriban sehemu 1 katika milioni kwa kila nyuzijoto 1 ya Selsiasi. Hata hivyo, saa nane mchana lami inapofikia nyuzijoto 60 na hewa ya kimo cha mtu ikabaki kwenye 35, sehemu kubwa ya badiliko hilo hutokea ndani ya sentimita chache tu juu ya barabara. Mwale unaoshuka kutoka angani ukiwa karibu kulala sambamba na barabara hulikuta tabaka hilo la moto, hupinda kuelekea juu kwenye hewa baridi kabla haujaigusa lami, kisha hufika machoni mwa dereva. Ubongo huchukulia kwamba nuru imekuja kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo huiona kama imetoka ardhini. Dimbwi lile, basi, ni kipande cha anga. Kumeremeta kwake, ambako hulifanya lifanane zaidi na maji, hutokana na hewa ya moto inayopanda bila utulivu.

Swali tunaloulizwa mara nyingi zaidi ni kwa nini maji hayo hukimbia kadiri gari linavyosogea. Jibu limo katika pembe. Kwa joto tulilolitaja, nuru inaweza kupindishwa kiasi hicho ikiwa tu inaikaribia barabara kwa pembe isiyozidi takriban 0.4 ya digrii. Dereva ambaye macho yake yako mita 1.2 juu ya lami huipata pembe hiyo kuanzia mita 170 hivi mbele yake, na umbali huo husafiri pamoja naye. Anayetaka kuhakikisha asifanye jaribio barabarani; uwanja mpana ulio mkavu, uliopigwa na jua tangu asubuhi, unafaa zaidi. Asimame ayatazame maji, kisha apige magoti: macho yakishuka, ukingo wa maji husogea karibu.

Katika sehemu tambarare kama ziwa kavu la Amboseli au jangwa la Chalbi, tabaka la moto huenea kilomita nyingi, na wanyama walio mbali huonekana wamesimama majini, miguu yao imemezwa au taswira yao imepinduliwa chini yao. Wanajeshi wa Ufaransa waliokwenda Misri na Napoleon mwaka 1798 waliteswa na maziwa ya namna hiyo walipokuwa wakitembea kuelekea Kairo, na mwanahisabati Gaspard Monge, aliyekuwa katika msafara huo, ndiye aliyeyatolea ufafanuzi wa kisayansi.

Hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu, nuru hupinda kinyume, na vitu vilivyojificha nyuma ya upeo wa macho huinuliwa vikaonekana. Mabaharia wa Kiholanzi waliokwama katika barafu ya Novaya Zemlya, visiwa vya Aktiki kaskazini mwa Urusi, waliliona jua tarehe 24 Januari 1597, wiki mbili hivi kabla ya wakati wake wa kuchomoza tena baada ya usiku mrefu wa majira ya baridi. Mvumbuzi Mmarekani wa Aktiki, Robert Peary, naye alidai kuwa mwaka 1906 aliona nchi mpya kaskazini mwa Kanada, akaiita Crocker Land. Msafara ulioanza kuitafuta mwaka 1913 uliona milima ikibadilika umbo na hatimaye kutoweka. Pwani yetu ina bahari ya joto, hivyo maajabu ya aina hii ni nadra kwetu.

Mwezi mpevu unaochomoza ukionekana mkubwa ni suala jingine kabisa, ingawa watu hulichanganya na haya: hapo anga haina hatia, ni ubongo unaokadiria vibaya. Jua linalozama, kwa upande mwingine, huinuliwa kweli. Karibu na upeo wa macho anga hulinyanyua kwa zaidi ya nusu digrii, kiasi kinachozidi kidogo upana wa jua lenyewe, kwa hiyo ukingo wake wa chini unapoonekana kuigusa bahari, jua zima limekwisha kushuka chini ya upeo. Hiyo ni sababu mojawapo, pamoja na desturi ya kuhesabu macheo na machweo kwa ukingo wa juu wa jua, inayoufanya mchana wa Nanyuki, mji wa Kenya ulio kwenye ikweta, uwe na takriban saa 12 na dakika 7 mwaka mzima.