Kuhara Baada ya Mlo wa Kimeksiko: Maswali na Majibu

Mgahawa wa kujichagulia chakula cha Kimeksiko ukoje, na unahusiana vipi na afya?

Mteja hupita mbele ya kaunta akionyesha anachotaka: wali, maharagwe, nyama, kachumbari yenye pilipili, parachichi lililopondwa, jibini. Kisha vyote hukunjwa ndani ya mkate mwembamba, na hiyo ndiyo burito, kama tunavyokunja mayai ndani ya chapati kwenye rolex ya hapa Uganda. Sina ugomvi na chakula hicho. Ugomvi wangu ni na yale yanayofanyika nyumbani tumbo likishachafuka, kwani hapa Kampala tunaendelea kupokea wagonjwa waliokula Jumamosi na kuletwa Jumatatu jioni, macho yamezama na midomo imekauka, kwa sababu jamaa waliwakataza kunywa maji ili tumbo "lipumzike".

Nichague nini pale kaunta?

Chagua kinachotoa mvuke. Chakula cha moto kinapaswa kukaa juu ya nyuzi joto 60 na cha baridi chini ya nyuzi 5. Wali au nyama iliyo vuguvugu iache hapo hapo. Kachumbari mbichi hutegemea usafi wa mikono iliyoikata, na mfanyakazi anayehara hapaswi kuwa jikoni. Jambo hili si dogo: nchini Marekani, kampuni ya Chipotle ilikubali mwaka 2020 kulipa faini ya dola milioni 25 baada ya zaidi ya watu 1,100 kuugua kati ya 2015 na 2018.

Nimebakiza nusu ya burito. Nikiipasha moto asubuhi, si itakuwa salama?

Ikiwa uliiweka kwenye friji ndani ya saa 2, ipashe mpaka katikati iwe moto kabisa, kisha ule. Ikiwa ililala mezani, itupe. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha kwenye wali sumu ambayo moto wa jikoni hauiharibu, na kutapika huweza kuanza saa 1 hadi 6 baada ya kula. Najua umeilipia fedha nyingi. Hata hivyo itupe.

Nikianza kuhara, niache kunywa mpaka kukome?

Hapana. Maji unayokunywa siyo yanayoleta kuhara. Mwili unapoteza maji na chumvi hata ukifunga kinywa, na upungufu huo ndio unaoua. Kunywa ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, tangu choo cha kwanza cha majimaji, pakiti moja katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita 1. Ukikosa pakiti, koroga vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mtoto aendelee kunyonya na kula, na apewe zinki kwa siku 10 hadi 14 kwa kipimo atakachoelekezwa.

Lakini kila ninachokunywa nakitapika.

Subiri dakika 10, kisha anza tena kijiko kwa kijiko. Usiache kunywa. Soda haichukui nafasi ya ORS, kwa kuwa sukari yake nyingi huweza kuzidisha kuhara.

Je, ninunue Flagyl, ile antibayotiki ya metronidazole?

Usinunue bila kupimwa. Kuhara kwingi kwa namna hii huisha bila antibayotiki, na Flagyl haiui virusi wala haiondoi sumu ya wali. Anayemeza vidonge vinne vya kupimiwa kwenye karatasi, kisha akalala bila kunywa chochote, hajajitibu. Dawa za kufunga tumbo asipewe mtoto kamwe, wala asizimeze mtu mwenye homa au damu kwenye choo.

Niende kituo cha afya lini?

Nenda siku hiyo hiyo ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikokoma, mkojo uliokauka kwa saa 6 au zaidi, kizunguzungu, au mtoto aliyelegea au asiyeweza kunywa. Mjamzito, mzee, mgonjwa wa kisukari na mtoto mchanga wasingoje hata dalili hizo. Usisubiri kupambazuke, usisubiri mkuu wa familia arudi kutoka kazini, na njiani mgonjwa mwenye fahamu aendelee kunyweshwa.