Kiwiko cha mtoto hakinyooshwi kwa kuchuliwa

Mtoto akianguka kwenye mparachichi, hapa Moshi au kwingineko, mfupa mmoja unaovunjika mara nyingi ni ule wa juu kidogo ya kiwiko. Ukiwa umehama sana, daktari huurudisha mahali pake na kuushikiza kwa vyuma vyembamba. Kwa kawaida vyuma hivyo hutolewa baada ya wiki 3 au 4.

Plasta ikifunguliwa, wazazi hushtuka. Mkono umekonda, ngozi inabanduka magamba, kiwiko hakikunjiki wala hakinyooki. Ndipo bibi anapotoa mafuta ya moto: "Mchueni jamani, atabaki kilema!"

Bibi ana nia njema, ila kwa kiwiko hiki dawa yake ni hatari. Kukichua na kukivuta kwa nguvu huumiza misuli na kifuko cha kiungo, vikaanza kuvimba upya, na wakati mwingine mfupa mpya huota ndani ya nyama. Kiungo kinazidi kukakamaa.

Kinachokilegeza ni matumizi ya kawaida: kula, kuvaa shati, kuoga, kuchezea maji kwenye beseni. Mtoto akunje na kunyoosha mwenyewe, aishie maumivu yanapoanzia. Wengi hurejesha karibu mkunjo wote ndani ya wiki au miezi michache, bila hata mazoezi ya kliniki. Kupanda miti na mpira, subiri ruhusa ya daktari.

Mrudisheni hospitali haraka akipata homa, usaha kwenye matundu ya vyuma, vidole vya baridi au ganzi, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua.