Kabla Hujang'oa Kapasita Zote, Pima Kwanza

Sinthesaiza nyingi za analogi, yaani vinanda vya kielektroniki, za miaka ya 1970 na 1980 hunifikia zikiwa na hukumu tayari: kinanda kimezeeka, kwa hiyo kibadilishwe kapasita zote, vile vifaa vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme. Mwenye kinanda hajapima hata volti moja, lakini orodha ya kapasita ameshaichapa. Nimeujibu ushauri huu mara nyingi mno, na sasa naujibu kwa maandishi.

Ushauri huo una ukweli kidogo ndani yake. Kapasita za elektrolaiti zina kimiminika ambacho hukauka, hasa zikikaa karibu na regyuleta (kifaa kinachotuliza volti) yenye joto. Uwezo wake hushuka, ukinzani wake wa ndani hupanda, na katika sehemu ya kugawa umeme utasikia mngurumo wa hezi 100 au 120, kutegemea umeme wa nchi. Hizo zibadilishe. Kapasita za seramiki na za plastiki hazina cha kukauka, na zile za polistirini (aina ya plastiki) zilizomo kwenye osileta, saketi inayozalisha sauti yenyewe, ziliwekwa pale kwa sababu thamani yake haiyumbi ovyo. Huyeyuka upesi zikiguswa na joto la chuma cha kulehemu, na anayeziondoa bila sababu huondoa kifaa kizuri ili aweke asichokijua.

Kinachoniudhi zaidi ni kuambiwa kwamba kinanda kinachopotea tyuni kina kapasita mbovu. Katika osileta nyingi za aina hii, volti 1 kwenye ingizo hupandisha sauti oktava moja, lakini volti hiyo hupunguzwa sana kabla ya kufika kwenye jozi ya transista zinazoigeuza kuwa mkondo. Hapo, katika joto la kawaida la chumba, oktava nzima ni milivolti 18 hivi, yaani nusutoni ni milivolti 1.5 tu. Rezista ya kurekebishia yenye kutu, au mguu wa chipu usiogusa soketi sawasawa, huzalisha kosa la ukubwa huo bila taabu. Isitoshe, transista hizo hubadilika kwa joto, ndiyo maana rezista ya fidia, inayosawazisha athari ya joto hilo, hugandishwa juu yake. Gundi ikikauka na rezista ikabanduka, kila moja hufuata joto lake na sauti huyumba. Utabadilisha kapasita za bodi nzima na kosa litabaki pale pale.

Kila kinanda kina ugonjwa wake pia. Kwenye Korg Polysix ya 1981, betri ya kumbukumbu huvuja na kula njia za shaba za bodi iliyo chini yake; dawa ni kuiondoa betri, kusafisha alkali na kuunga njia zilizokatika. Kwenye Roland Juno-106 ya 1984, sauti moja kati ya 6 ambazo kinanda hicho huweza kupiga kwa pamoja ikinyamaza au ikikwaruza, mshukiwa wa kwanza ni chipu ya 80017A iliyofunikwa kwa utomvu mgumu, ambayo hubeba kichujio na kikuza sauti.

Utaratibu wenyewe ni mfupi: pima volti za regyuleta zote, tazama kwa oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) mawimbi mabaki yanayopanda juu ya volti hizo, kisha ifuate sauti kutoka kwenye osileta hadi kwenye kichujio na kikuza sauti, mpaka pale inapopotea. Hapo ndipo pa kulehemu, si kwingineko, kwa sababu bodi hizi hazivumilii: duara dogo la shaba linaloshika mguu wa kapasita hubanduka likichomwa moto kwa muda mrefu, na kosa moja huwa mawili.

Si kwamba vipimo humaliza kila ubishi. Kuna makosa ya vipindi ambayo hutoweka nikishachomoa chipu na kuirudisha kwenye soketi yake, na hapo siwezi kuapa kama dawa ilikuwa soketi, kiungo cha kulehemu kilichopasuka kilichosukumwa kidogo, au joto la chumba tu. Hata kapasita kubwa za sehemu ya kugawa umeme ambazo bado zinapima vizuri hunitia mashaka: siku nyingine huzibadilisha, siku nyingine huziacha, na hoja za pande zote mbili hunishawishi.

Kwa hiyo ukileta kinanda, kilete kabla hakijaguswa, na uandike ni noti zipi zinazokosea, baada ya muda gani tangu kiwashwe, na kama sauti inashuka au inapanda. Karatasi hiyo itanifaa kuliko mfuko wa kapasita mpya.