Korea Kaskazini wamefungua? Hesabu vitanda kwanza

Mteja wangu wa siku nyingi, dada mwenye duka la mapazia Kariakoo, amenitumia kivideo: ufuo mweupe, maghorofa yamejipanga kama meno, watoto wanateleza kwenye bomba la maji. Chini yake ujumbe: "Kaka, Korea Kaskazini wamefungua. Nikimaliza mzigo Guangzhou niunganishie siku nne."

Mimi nakatia watu tiketi na kupanga safari za China, mwaka wa kumi na sita sasa. Korea Kaskazini sijakanyaga, ila maulizo yake nayapata kila mwaka, na kila mwaka jibu linabadilika. Safari hii naliandika hapa ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

Ufuo ule upo kweli. Unaitwa Wonsan-Kalma, uko pwani ya mashariki ya nchi. Kim Jong Un alihudhuria sherehe ya kuukamilisha Juni 24, 2025, wananchi wakaanza kuingia Julai 1. Serikali yao inasema una malazi ya watu karibu 20,000. Ulitakiwa uwe tayari 2019, ukasogezwa mbele, ukasogezwa tena, kisha korona ikafunga kila kitu. Kwenye ufuo huo huo, 2017, jeshi lilipanga mizinga kwa safu ndefu na kufyatua baharini mbele ya Kim. Kwa hiyo huyo dada angekuwa anaota jua palipopigiwa mizinga, jambo ambalo mimi binafsi lisingenizuia kwenda.

Sasa, katikati ya Julai likaingia kundi la kwanza la watalii wa Kirusi. Walikuwa watu kama kumi na watano hivi, hawajazi hata Coaster moja. Siku hizo hizo Sergei Lavrov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, alikuwa pale pale Wonsan akipokewa na Kim. Siku chache baadaye tovuti ya utalii ya serikali ikabandika tangazo: watalii wa kigeni hawapokelewi pale ufuoni kwa muda. Sababu haikutajwa, wala tarehe ya kufungua tena.

Ukifuatilia nyuma utaona ndiyo desturi. Mipaka ilifungwa Januari 2020, mapema kuliko karibu nchi yoyote duniani, hata raia wao waliokuwa nje hawakuruhusiwa kurudi mpaka Agosti 2023. Februari 2024 wakaingia Warusi wasiozidi mia kutoka Vladivostok, wakapelekwa kuteleza thelujini Masikryong. Agosti mwaka huo mawakala wa Beijing wakatangaziwa kwamba mji wa Samjiyon, chini ya mlima Paektu, ungefunguliwa Desemba. Mteja wangu mmoja alikuwa tayari na hela ya advansi mkononi. Nilimwambia airudishe mfukoni, akaninunia wiki nzima. Desemba ikapita kimya. Februari 20, 2025 wakaruhusu watalii wa Magharibi waingie Rason, ukanda maalumu wa uchumi kwenye kona ya mpaka wa China na Urusi. Wiki mbili hazijatimia vizuri, Machi mwanzoni, ukafungwa. Wapo waliokuwa wameshalipa na kukata tiketi za ndege. Aprili mbio za marathoni za Pyongyang zikarudi kwa mara ya kwanza tangu 2019, wakimbiaji wa nje karibu 200. Walikimbia, wakavishwa medali, wakaondoka, na Pyongyang ikabaki imefungwa kwa mtalii wa kawaida asiye Mrusi.

Kwa hiyo mtu akiniambia "wamefungua", swali langu ni moja: wamemfungulia nani?

Sisi wa kazi hii tunahesabu viti na vitanda. Julai 27, 2025 shirika la Nordwind lilianza kuruka moja kwa moja Moscow hadi Pyongyang, mara moja kwa mwezi, kwa ndege ya abiria zaidi ya 400. Tuseme imejaa mpaka mlangoni, na wote waliomo ni watalii, na wote wanashukia Wonsan. Umejaza asilimia 2 ya vitanda. Mwezi mzima! Hoteli yoyote ya Nungwi ingeshafunga jiko. Warusi hawakuletwa kujaza vitanda. Wameletwa kwa sababu Juni 2024 Putin na Kim walisaini mkataba wa ushirikiano, na utalii ni namna nyepesi ya kuonyesha urafiki hadharani.

Wenye uwezo wa kujaza 20,000 ni Wachina, basi. Kabla ya korona, kati ya wageni kumi walioingia Korea Kaskazini, zaidi ya tisa walikuwa Wachina. Wazungu, kwa kelele zote wanazopiga mtandaoni, walikadiriwa kuwa kama 5,000 kwa mwaka. Mchina alikuwa anavuka kwa treni kutoka Dandong, mji wa China ulio mpakani, daraja moja tu juu ya mto Yalu, kisha siku nne baadaye yuko kwao. Na kwa mwaka wote wa 2025, pamoja na Kim kwenda Beijing Septemba na kusimama kwenye gwaride karibu na Xi Jinping, makundi yale hayakurudi. Nadhani hapo ndipo penye jibu la kila kitu. Mlango wa utalii wa Korea Kaskazini una komeo mbili, moja iko Pyongyang, nyingine Beijing.

Kwa nini Pyongyang wenyewe wanasitasita, wakati hoteli zimeshajengwa? Kwanza elewa pesa. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa vya 2016 na 2017 viliwazuia kuuza nje makaa ya mawe, chuma, nguo, samaki, hata kupeleka wafanyakazi. Utalii haukutajwa. Ulikuwa ndio mlango halali uliobaki wa kupata fedha za kigeni, na ndiyo sababu Kim alijenga Samjiyon, Yangdok ya maji moto na huu ufuo. Lakini tangu vita ya Ukraine, anaiuzia Urusi silaha, na mwishoni mwa 2024 akapeleka na askari. Mwenye mteja mkubwa wa namna hiyo hana haraka na wateja wa rejareja.

Halafu kuna macho. Desemba 2020 walipitisha sheria kali dhidi ya kile wanachokiita fikra na utamaduni wa kiadui. Raia akikamatwa anasambaza tamthilia za Korea Kusini anaweza kuuawa. Sasa fikiria mgeni anaingia na simu yenye tamthilia zile zile ambazo huku kwetu zinatafsiriwa kwa sauti na kuuzwa kwenye flashi. Rason, wageni wa kwanza walikuwa wamejaa wapiga video wa YouTube, na picha zao zilikuwa zinazunguka dunia hata kabla wenzao hawajatoka. Siwezi kuthibitisha kwamba hilo ndilo lililofunga mlango. Ila ningekuwa afisa wa pale ningelitaja kwenye ripoti yangu.

Na hofu haiko upande wao tu. Ziara za Wakorea wa Kusini kwenda mlima Kumgang zilianza 1998, zikabeba watu karibu milioni 2, zikafa ndani ya siku moja Julai 2008 askari alipompiga risasi mtalii mwanamke. Wamarekani wao wamezuiwa na serikali yao tangu Septemba 2017, baada ya kifo cha mwanafunzi Otto Warmbier, aliyekamatwa akiwa kwenye ziara ya kawaida kabisa ya kundi.

Nirudi kwa dada wa Kariakoo, maana swali lake lilikuwa la viza, si la siasa. Huko hakuna kwenda peke yako. Unaingia na kundi la wakala aliyeruhusiwa, unapewa waongoza watalii wawili (nao wanachungana), pasipoti yako mara nyingi inakaa kwao, na hotelini hutoki bila wao. Kwenye sanamu za viongozi pale kilima cha Mansudae, Pyongyang, utainama, na ukipiga picha hakikisha sanamu imeingia yote, usikate miguu. Kadi ya benki haina kazi. Unabeba yuan, euro au dola taslimu. Viza hutolewa kwenye kikaratasi cha pembeni, haigongwi kwenye pasipoti.

Lakini kinachowakwamisha watu wetu ni viza ya China. Ukitoka Dandong umeshatoka China. Kurudi kuchukua ndege yako unahitaji kuingia tena, na viza nyingi za wafanyabiashara wa mara ya kwanza ni za kuingia mara moja tu. Ombeni ya kuingia mara mbili tangu mwanzo, hapa hapa Dar, msisubiri mkifika kule. Na jirani zetu wa Uganda waliozoea kuuliza ubalozi wa Korea Kaskazini uliokuwa Kampala, ulifungwa 2023.

Mimi ninachokiangalia ni treni ya Dandong. Siku mawakala wa Kichina watakapoanza kuuza pakeji ya siku nne kwa mzee mstaafu wa Shenyang, kila wiki, miezi mitatu mfululizo, nitasema pamefunguliwa. Kabla ya hapo sipokei advansi ya mtu, na wakala akikutaka ulipe yote sasa kwa tarehe ambayo "itathibitishwa", mwambie akuandikie nani anarudisha hela mlango ukifungwa.

Nilimtumia dada haya yote kwa sauti, dakika saba. Akajibu baada ya saa nzima: "Sawa kaka. Kutoka Guangzhou mpaka Xi'an kwa treni ni saa ngapi?"

Ya mwendokasi, kama saa nane hivi. Tiketi nimeshamwekea.