Ukurutu unaorudi palepale: tufikirie limfoma ya ngozi

Mtu anaingia kliniki na ukurutu wa miaka mingi, ameshapaka krimu zote za duka la dawa la mtaani, zile za mchanganyiko zenye dawa ya fangasi na steroidi kwenye tyubu moja, akipaka inatulia, akiacha inarudi, na inarudi palepale. Hapo kwa palepale ndio mimi hutega masikio.

Kuna limfoma, yaani saratani ya seli nyeupe za kinga, inayoanzia kwenye seli T (aina mojawapo ya seli hizo) na kukaa kwenye ngozi, inaitwa maikosisi fungoidesi, daktari Mfaransa Alibert aliieleza kule Paris mwaka 1806 na hadi leo inatupita. Inapenda sehemu zisizopigwa na jua, yaani makalio, mapaja, kiuno, chini ya matiti, kwa hivyo kama daktari ameangalia mikono peke yake hajaangalia bado, tafadhali toa nguo umuonyeshe.

Halafu ngozi zetu nyeusi. Ule wekundu wa vitabuni mara nyingi hauonekani, badala yake yanakuja mabaka yaliyofifia rangi, sana sana kwa vijana na hata watoto, na mama anaambiwa ni mba, ama choa, ama vitiligo, wengine wanaogopa ukoma. Vitiligo huwa nyeupe kabisa na haina magamba. Baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi, ligusie pamba uone. Baka la limfoma linahisi vizuri tu, ila linaweza kuwa na magamba laini na mikunjo midogo kama karatasi ya sigara.

Kipimo ni bayopsi, yaani kukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, na hapa naomba sana tuwe na subira: acha steroidi wiki mbili hadi nne kwanza, manake inafukuza zile seli tunazotafuta, kisha tukate zaidi ya sehemu moja. Kwa darubini tunaangalia limfosaiti, ndizo zile seli nyeupe za kinga, zilizopanda kwenye tabaka la juu bila ule uvimbe wa maji wa ukurutu, halafu tunapaka rangi za CD3, CD4, CD8 na CD7, ambazo ni alama za kutambua aina za seli T. Jibu la kwanza likisema ukurutu na mabaka bado yapo, tunarudia, na hiyo siyo kupoteza pesa. Msianzishe saiklosporini, ile dawa ya kushusha kinga ya mwili, kabla ya hapo, kama ni limfoma inaweza kuichochea.

Ikishikwa mapema ikiwa mabaka machache, wengi huishi umri wao wa kawaida, kwa krimu kali za steroidi na mwanga wa UVB, yaani tiba ya miale ya urujuanimno. Na wenzangu, kwenye fomu ya maabara msiandike "ukurutu" pekee, andikeni imekaa muda gani, iko wapi mwilini, na kwamba mnashuku limfoma.