Je, wajua kwa nini ufukwe wa mchanga mweupe bado unaweza kukukanyagisha mawe ukiingia baharini?

Picha za hoteli za ufukweni karibu zote ni zile zile, mchanga mweupe, miavuli, vitanda vya kujilaza na bahari ya samawati kwa nyuma. Mtu akiziona anamaliza hesabu hapo hapo: pana mchanga, basi kuingia majini ni rahisi. Kisha anafika, anavua ndala, anatembea raha mstarehe hadi kwenye maji, na hatua ya tatu anaanza kuchechemea maana chini ni mawe matupu, na watoto wameshaanza kulia.

Hapo hakudanganywa na picha. Ila mchanga wa juu na sakafu ya bahari ni vitu viwili tofauti, kimoja hakikwambii chochote cha uhakika kuhusu kingine. Juu ya mstari wa maji mchanga unaweza hata kuletwa kutoka kwingine ukamwagwa, na hii si siri wala aibu, Waikiki kule Hawaii imeongezewa mchanga mara nyingi tu, na Miami Beach ilitandikwa upya kwa mradi mkubwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sehemu kavu hoteli inaweza kuipanga itakavyo, kuichana kwa reki kila asubuhi, lakini ukishavuka mstari wa maji anayeamua nini kikae na nini kiondoke ni mawimbi.

Halafu kuna huu weupe wenyewe ambao watu wanauchukulia kama cheti cha ulaini. Kwenye bahari za joto mchanga mweupe sana mara nyingi ni matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa vilivyosagika. Na msagaji mmoja mkubwa ni samaki pono, ndiyo, yule yule tunayemsingizia usingizi, yeye anaguguna mwamba kutafuta chakula, chokaa inapita tumboni na inatoka nyuma ikiwa mchanga. Pono mmoja wa aina kubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Sasa fikiria maana yake kwa anayetafuta hoteli: pono anahitaji mwamba, kwa hiyo mchanga mweupe ni ishara nzuri kabisa kwamba kuna mwamba mahali karibu, labda mbali kidogo ukikukinga na mawimbi makubwa, labda pale pale unapotaka kuweka mguu, pamoja na wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanaokaa kwenye nyufa zake. Weupe peke yake hauwezi kukwambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Kitu kinachoeleza zaidi ni mteremko, na hapa inabidi twende polepole. Wimbi likivunjika maji yanapanda ufukweni kwa nguvu yakisukuma chembe kwenda juu, kisha yanarudi yakizivuta kwenda chini. Ufukwe unachongwa na tofauti kati ya hizo safari mbili. Chukua ndoo ya maji umwage juu ya lundo la kokoto, maji yote yanazama katikati, chini hakifiki kitu. Ndoo ile ile imwage kwenye sakafu ya saruji iliyoinama, maji yanatiririka hadi mwisho na yanazoa kila kitu njiani. Ufukwe wa kokoto au wa mchanga wenye chembe kubwa ndio lile lundo: maji yanapanda na mzigo, yanazama, yanayorudi ni kidogo na hayana nguvu, kwa hiyo mzigo unabaki juu na ufukwe unajirundika kuwa mkali. Mchanga laini uliolowa ndio ile sakafu, maji hayazami haraka, yanarudi karibu na nguvu zote yaliyokuja nayo, yanautandaza mchanga kuelekea baharini na ufukwe unalala. Mchanga laini mara nyingi unakaa kwenye mteremko wa nyuzi 1 hadi 3 hivi, kokoto zinaweza kupita 10. Sio sheria ya chuma lakini, maana ukubwa wa mawimbi nao unaingia, mchanga ule ule kwenye ghuba tulivu unaweza kuwa na mteremko mkali kuliko kwenye pwani inayopigwa sana.

Na pale chembe zikiwa mchanganyiko ndipo panatokea kile kituko cha kwenye kichwa cha habari. Mawimbi yanachambua. Mchanga laini unabebwa huku na huku, ila vipande vizito vinakusanyika pale maji yanayorudi yanapogongana na wimbi linalofuata, panajengeka kidaraja kifupi cha changarawe chini ya maji, mita chache tu kutoka ukingoni. Juu mchanga, kidaraja cha mawe, halafu mbele yake mara nyingi mchanga tena! Yaani mtu anateseka hatua nne tano kisha anasimama kiunoni kwenye mchanga safi akishangaa.

Kuna pia mawe ambayo zamani yalikuwa mchanga. Kwenye pwani za joto, pale maji yanapojaa na kupwa, chokaa inaweza kugandisha chembe zikawa bamba la jiwe, tena haraka kuliko unavyodhani, maana ndani ya mabamba ya aina hii zimekutwa hadi chupa za soda. Yanakaa sambamba na ukingo wa maji, yameota mwani, yanateleza vibaya.

Basi kwenye picha acha kuangalia vitanda, angalia povu. Ukiona mistari kadhaa ya mawimbi imefuatana ikianzia mbali, mteremko ni wa taratibu. Wimbi moja linalojikunja na kupiga kishindo mlangoni pa ufukwe, ujue ni mkali, hatua mbili maji kifuani, na hilo wimbi linaweza kumbwaga mtu mzima kwa shingo. Kwenye picha ya setilaiti rangi inayotoka samawati mpauko hadi bluu nzito kidogo kidogo ni dalili nzuri, mabaka meusi karibu na ukingo ni mwamba au nyasi bahari, na nyasi mara nyingi zinaota kwenye mchanga kwa hiyo usikate tamaa moja kwa moja. Gati refu la mbao lenye ngazi ya kushukia majini linapendeza kwenye picha, ila jiulize kwa nini walihangaika kulijenga. Jina la mji nalo halitoshi: kule Antalya, Uturuki, ufukwe wa Konyaaltı ni wa kokoto na Lara ni wa mchanga, mji ni huo huo.

Mteremko wa taratibu una gharama yake ambayo vipeperushi havisemi. Ukishuka mita 1 kwa kila mita 50, na maji yakapwa mita 3, bahari inakukimbia mita 150. Sehemu nyingi za Mediterania maji hayapandi hata nusu mita kwa hiyo huko halikuhusu, lakini kwenye bahari kuu angalia jedwali la kujaa na kupwa kabla ya kulipia, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu. Picha ya hoteli karibu siku zote imepigwa maji yamejaa.

Ukisoma riviu za wageni, angalia na mwezi wa kalenda ambao mgeni alipiga picha yake, sio mwaka tu. Dhoruba zinavuta mchanga kwenda kwenye mafungu chini ya maji na mawe yanabaki wazi, kipindi cha utulivu unarudi, na kwenye visiwa vidogo vya Maldivi mchanga unahama upande mmoja wa kisiwa kwenda mwingine upepo wa msimu ukigeuka. Kwa hiyo riviu mbili zinazopingana zinaweza zote kuwa za kweli. Ukiwaandikia hoteli usiulize kama wana mchanga, watakujibu ndiyo. Uliza mtu akisimama maji yakiwa kiunoni, wakati maji yamepwa, mwezi ule unaokwenda wewe, chini ya nyayo kuna nini.