China baada ya 1949: mkulima alipewa shamba, halafu likaenda wapi?

Nikifundisha China ya Mao swali la kwanza huwa ni lile la njaa kubwa ya 1959 hadi 1961. Swali zuri, ila ukitaka kulielewa lazima urudi nyuma kidogo uone mkulima alipewa nini na akanyang'anywa nini, na vyote viwili vilifanyika ndani ya miaka isiyozidi kumi.

Mao, kiongozi wa Wakomunisti, anatangaza Jamhuri ya Watu pale Beijing tarehe 1 Oktoba 1949, nchi imechoshwa na vita na pesa imekufa kabisa. Serikali iliyotoka ilikuwa imeleta sarafu mpya Agosti 1948, moja kwa milioni 3 za zamani, nayo ndani ya miezi ikawa makaratasi tu. Wakomunisti wakatuliza bei, na hilo peke yake liliwapa heshima mijini hata kwa watu wasiowapenda.

Vijijini ikaja sheria ya ardhi ya Juni 1950. Makada, yaani watendaji wa chama, wanaingia kijijini, kila familia inapewa daraja: mwinyi, mkulima tajiri, wa kati, maskini. Halafu mkutano wa hadhara, wapangaji wa mashamba wanasimama mmoja mmoja kueleza walivyoteswa na mwenye shamba naye yupo pale mbele yao, hati za zamani zinachomwa moto, ardhi inapimwa upya na vijiti vyenye majina vinachomekwa mipakani. Wakulima kama milioni 300 walifaidika. Lakini jamani mikutano ile iliua, waliouawa wanakadiriwa kwa mamia ya maelfu na wapo wanahistoria wanaotaja zaidi ya milioni. Na lile daraja lilirithiwa, mtoto wa mwinyi alibaki mtoto wa mwinyi shuleni, kazini, mpaka kwenye kuoa.

Mwaka huohuo wa 1950 sheria ya ndoa ilipiga marufuku kuozeshwa kwa nguvu na masuria, mwanamke akaruhusiwa kudai talaka. Wengi waliidai kweli, na wapo waliopigwa na kuuawa na wakwe kwa ajili hiyo.

Kwangu mimi mwaka wa kuukazia macho ni 1953. Mpango wa kwanza wa miaka mitano ndo umeanza, Wasovieti wanasaidia kujenga viwanda, miji inajaa watu wa kulishwa, basi serikali ikaamua nafaka yote ya ziada iuzwe kwake tu na kwa bei yake. Yaani shamba lako lakini mpunga bei anapanga mwingine! Mwaka 1955 mijini zikaja kuponi za nafaka: unaingia mgahawani kula bakuli la tambi, unatoa hela na kuponi, hela bila kuponi hupewi kitu. Kuponi za mkoa mmoja hazitumiki mkoa mwingine, ukisafiri mbali unahitaji zile za taifa na ili uzipate lazima uwe na barua ya ofisi. Mkulima hakupewa hizo kuponi, alitakiwa ajilishe mwenyewe.

Baada ya hapo mambo yalienda kasi mno. Mwisho wa 1956 zaidi ya familia 9 kati ya 10 vijijini zilikuwa kwenye ushirika, na kwenye ushirika wa daraja la juu shamba, ng'ombe na plau vikawa mali ya wote, malipo ni pointi za kazi, yaani alama unazohesabiwa kwa kazi uliyofanya. Julai 1956 lori la kwanza la Jiefang, lililotengenezwa nchini humohumo, linatoka kiwandani Changchun na watu wanashangilia, na nadhani ni haki kuwaeleza wasomaji kwamba ile furaha ilikuwa ya kweli, ila sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwenye gunia la mkulima.

Januari 1958 sheria ya usajili wa kaya ikafunga mlango wa mwisho. Mtu wa shamba hawezi kuhamia mjini mpaka awe na kibali cha kazi, nafasi ya shule au ruhusa ya polisi. Kwa hiyo makomuni, yaani shirika kubwa lililounganisha vyama vingi vya ushirika, yalipoanza mwaka huohuo na mavuno yakatiwa chumvi kwenye ripoti, serikali ikachukua nafaka kwa kufuata zile ripoti, mkulima hana shamba, hana kuponi, na mjini haruhusiwi kwenda. Waliokufa wanakadiriwa kuanzia milioni 15 hadi zaidi ya 40, wengi mno wao watu wa vijijini, ndo walewale waliolima.